Usimtume Sigara
Kijitabu cha elimu ya afya kwa nyumba zenye vijana

Jikoni kwa bibi

Sigara ya kwanza niliyoitia mdomoni sikupewa na rafiki mbaya. Nilipewa na babu yangu. Nilikuwa darasa la tatu, babu amekaa barazani na wazee wenzake, njiti za kiberiti zimekwisha. Akaniita: "Hebu kaniwashie hii jikoni." Mtoto ukitumwa na babu huulizi. Nikaingia jikoni, bibi kabandika maharage, nikainama penye mafiga na kugusisha ncha ya sigara kwenye kaa. Haikushika. Binamu yangu mkubwa aliyekuwa akimenya viazi akanielekeza: "Ivute kidogo, ndiyo itashika." Nikaivuta. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, jikoni pakawa vicheko vitupu. Nikaipeleka barazani inafuka moshi, babu akanipigapiga begani na kuwaambia wenzake kwamba mjukuu wake ameanza kukua.

Babu hakunitakia baya. Alinilipia ada, alinifundisha kusoma saa, na hadi leo nikisikia redio ya asubuhi namkumbuka. Lakini siku ile, kwa safari moja ya kutoka barazani hadi jikoni, nilijifunza kwamba sigara ni ya wakubwa, kwamba haiwaki bila kuvutwa, na kwamba ukikohoa utachekwa lakini ukivumilia utasifiwa. Nilipofika kidato cha pili na rafiki akaninyooshea sigara nyuma ya uwanja wa mpira, hakuwa na cha kunifundisha. Nilishafuzu zamani. Nilivuta kwa miaka 9, na kuiacha kulinigharimu majaribio manne.

Siku hizi kiberiti cha gesi kiko kila mfuko na watoto wa mjini hawatumwi tena kuwasha sigara kwenye mafiga. Kutumwa dukani kumebaki. Katika mitaa ninayozunguka kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jioni haipiti bila kusikia: "Kimbia kwa Mangi, niletee sigara mbili na vocha, chenji urudishe." Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya anayetuma, na kwa ajili ya mama, shangazi, kaka au dada aliyeketi pembeni akisikia.

Anachorudi nacho dukani

Mtoto anayetumwa sigara mara tatu kwa wiki anaijua bei kuliko baba yake. Anazitambua pakiti kwa rangi tu, hata kabla hajajua kusoma maandishi yake. Kubwa zaidi, muuza duka ameshamzoea. Siku atakapokwenda kwa shida yake mwenyewe, akiwa na miaka 13 na sarafu zake mkononi, hataulizwa neno. Mangi atadhani ametumwa kama kawaida.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Kenya ina yake ya mwaka 2007 yenye umri huohuo, na inakataza pia kuuza sigara moja moja. Uganda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015 ikaweka miaka 21. Lakini simama dakika tano mbele ya duka lolote la mtaani. Utaiona pakiti iliyofunguliwa, imekaa jirani na pipi na biskuti, pengine na kiberiti kimefungwa kwa kamba ili mteja awashe palepale. Ile sigara moja moja ndiyo mlango wa mtoto. Pakiti nzima hawezi kuinunua, wala hana pa kuificha. Moja anaiweza. Bei yake haipishani sana na ya andazi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya nyumba yenu ni nyepesi, na haihitaji semina. Acheni kutuma. Anayevuta aende mwenyewe, hata mvua ikinyesha. Kisha mmoja wenu aende dukani wakati hakuna foleni, azungumze na mwenye duka kwa heshima. Mimi huwashauri wazazi waseme hivi: "Mangi, kuanzia leo mtoto wangu yeyote akija kuulizia sigara, usimpe, hata akisema katumwa na baba yake. Baba yake atakuja mwenyewe." Hakuna haja ya kumtisha kwa polisi. Mwenye duka anakujua, jina lako limo kwenye daftari lake la mkopo, hataki kukukosa kwa faida ya sigara moja. Wazazi watano wa uchochoro mmoja wakifanya hivyo wiki moja, mtoto atalazimika kwenda mtaa wa pili, na huko hajulikani.

Nawapa angalizo wasomaji wa Urambo, Kaliua, Chunya, na upande wa Kenya, Migori. Kwenu tumbaku ni ada ya shule na bati la nyumba, na sitawafundisha kilimo. Ila nikotini ya jani bichi hupenya kwenye ngozi, hasa jani likiwa na umande au maji ya mvua. Mtoto aliyeshinda akichuma kisha jioni anatapika, kichwa kinamuuma na anasikia kizunguzungu, si lazima iwe malaria. Asichume majani mabichi kabisa. Huko kwenu sumu humwingia mtoto hata kabla hajashika sigara.

Saratani anaijua

Tunapenda kuanza na saratani. Tunaleta picha ya pafu jeusi, tunataja takwimu, kijana anaitikia "ndiyo, nimesikia," anaondoka. Takwimu zenyewe ni za kweli. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta, walikaa tu karibu na wanaovuta. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takribani 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Kijana wa miaka 15 atakuandikia hayo yote kwenye mtihani wa Biolojia na kupata alama zote.

Tatizo ni kwamba saratani inakaa kwenye miaka 50, na yeye haamini kuna miaka 50. Mwambie yanayomkuta wiki hii.

Mwambie kuhusu harufu. Yeye haisikii tena kwa sababu moshi umeshachosha pua yake, lakini msichana aliyekaa naye dawati moja anaisikia, kwenye kola ya shati na kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Pipi kifua haiiondoi, inaichanganya tu. Mwambie kuhusu pumzi. Kama anacheza winga, kuna mbio ya dakika ya 70 ambayo beki wa upande wa pili ataipata na yeye ataikosa, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Hewa hiyo ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Huko inakuja nyingi kwa mara moja, kwenye sigara inakuja kidogo kidogo.

Halafu pesa. Usimhutubie, mpe kikokotoo cha simu. Tuseme sigara moja dukani kwenu ni shilingi 200 na anavuta tano kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,000. Kwa mwezi wa siku 30 ni 30,000. Kwa mwaka ni 365,000. Muulize hizo zingemnunulia nini, kisha nyamaza. Nimeona mvulana akitazama kioo cha simu kwa muda mrefu, midomo inacheza anahesabu viatu.

Kwa nini "moja tu" haibaki moja

Hapa nitakaa kidogo, maana nyumba nyingi hudhani uvutaji ni ukaidi. Mwanzoni huenda ni ukaidi. Baadaye unakuwa kitu kingine.

Kijana akivuta pafu, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10. Huko hugusa vipokezi vinavyoachia kemikali ya raha, ileile inayomsisimua akila chakula akipendacho au timu yake ikifunga bao. Ubongo ukizoea kupewa raha hiyo kwa njia ya mkato, huongeza vipokezi, navyo huanza kudai. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengeka hadi karibu miaka 25, kwa hiyo wa kijana wa miaka 14 ni kama saruji ambayo haijakauka. Alama inayochorwa leo inabaki. Ndiyo maana wapo vijana wanaoonyesha dalili za uraibu ndani ya wiki chache tu, kabla hata hawajafikia kuvuta kila siku. Na ndiyo maana wavutaji walio wengi, ukiwauliza, walianza kabla ya kufika miaka 18. Mtu aliyevuka ujana bila kuanza, mara nyingi haanzi tena.

Kijana atakuambia: "Inanituliza." Hadanganyi. Anachotulizwa nacho ni kiu ambayo sigara iliyotangulia ilimwachia. Asiyevuta hana kiu hiyo, kwa hiyo hana cha kutulizwa. Mweleze hivyo, kwa maneno hayohayo. Ni kama mtu anayekukanyaga mguu kila baada ya saa mbili halafu anataka umshukuru akiuondoa.

Si sigara tu

Wazazi wengi wa rika langu tunanusa tukitafuta harufu ya sigara, na kijana anatumia kitu kisichonuka.

Sigara ya kielektroniki, wenyewe wanaiita vepu, inafanana na kalamu nene au kifaa cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Inachajiwa kwenye chaja ya simu na inanukia embe, tikitimaji au mnanaa. Atakuambia ni mvuke tu. Kimoja cha vifaa hivyo kinaweza kubeba nikotini sawa na pakiti nzima ya sigara 20, na kwa kuwa haikwaruzi koo, kijana haoni pa kukomea. Kuna vifuko vidogo vyeupe vya nikotini vinavyobanwa kati ya fizi na mdomo. Anaweza kukaa nacho darasani mwalimu akiwa mbele yake. Kuna ugoro na kuberi, ambavyo vijana wa bodaboda na hata wanafunzi huweka mdomoni wakidai vinaondoa usingizi. Vinachubua fizi, na tumbaku ya mdomoni huleta saratani ya mdomo. Sigara zenye mnanaa nazo, zile zinazopoza koo, zimetengenezwa hivyo ili anayeanza asikohoe. Kikohozi changu cha jikoni kwa bibi kilikuwa mwili ukikataa. Mnanaa unaunyamazisha.

Shisha ndiyo inayowachukua zaidi mabinti, kwa sababu inavutwa kwenye makochi, kuna muziki, kuna picha za kuweka mtandaoni, na mtu haonekani mhuni. Wengi wanaamini maji yanachuja sumu. Maji yanapoza moshi tu, sumu inapita. Kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kumwingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na juu yake kuna makaa yanayotoa ileile hewa ya jiko la chumbani. Ongeza mdomo mmoja wa mpira unaozungushwa kwa watu sita. Uganda iliipiga marufuku kwenye sheria ya 2015, Tanzania ikafuata mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Imepigwa marufuku, na bado mialiko inafika kwenye simu ya binti yako kila Ijumaa.

Waliomtega

Kuna jambo moja linalomgusa kijana kuliko saratani, nalo ni kugundua kwamba anachezewa. Kijana anavumilia kufa. Kufanywa mjinga havumilii.

Kesi zilizofunguliwa Marekani dhidi ya kampuni za sigara katika miaka ya 1990 zilizaa makubaliano makubwa ya mwaka 1998, na nyaraka za ndani za kampuni hizo zikawekwa hadharani. Humo mna karatasi za tangu miaka ya 1970 zinazowataja watoto wa miaka 14 na kuendelea kama wateja wa kesho wa biashara hiyo. Hesabu yao ni rahisi: wavutaji wazee wanakufa au wanaacha, mtu lazima azibe pengo. Jimbo la Florida liliamua kutumia hasira hiyo. Mwaka 1998 lilianzisha kampeni iliyoongozwa na vijana wenyewe. Badala ya kuonyesha mapafu, ikaonyesha jinsi wafanyabiashara wanavyomkejeli kijana huku wakichukua hela yake. Ndani ya miaka miwili uvutaji kwa wanafunzi wa ngazi ya chini ya sekondari ulipungua kwa asilimia 40, na kwa wale wa juu asilimia 18.

Hapa kwetu huna televisheni ya kampeni, lakini una meza ya chakula. Muulize kijana: kwa nini ladha ya tikitimaji? Mzee wa miaka 60 anayevuta tangu ujana anataka tikitimaji? Nani anaipenda ladha hiyo? Mwache ajibu mwenyewe. Muulize pia kwa nini mabinti wanaopiga picha na shisha mtandaoni hawaonyeshi risiti ya nani aliyelipa. Nimeona maswali mawili ya namna hii yakifanya kazi kuliko hotuba ya nusu saa, na sababu naijua: jibu linatoka kwake.

Mazoezi ya kukataa

"Kataa tu" ni ushauri wa mtu aliyesahau ujana. Kijana hakatai sigara, anamkataa rafiki, mbele ya marafiki, ndani ya sekunde tatu. Bila kuwa na neno tayari mdomoni, atachukua.

Kuna mama mmoja mpika maandazi huku Mbagala ambaye tulimshauri afanye mazoezi na mwanawe wa kidato cha kwanza. Alifanya usiku, anakanda unga, kijana anasafisha karai. Mama akajifanya rafiki, akanyoosha mwiko kama sigara: "Karibu sigara, rafiki yangu."

Kijana akaangua kicheko. "Mama, hakuna anayeongea hivyo!"

"Wanaongeaje?"

"Wanasema, 'Oya, piga pafu moja, usiwe boya.'"

Mama alinisimulia kwamba pale moyo ulimruka. Swali lilikuwa ulimini: nani huyo anayekuambia hivyo? Akalimeza. Akaendelea kukanda. "Ehee. Na wewe unamjibu nini?"

Kijana akanyamaza. Hakuwa na jibu. Wakatafuta pamoja, mengine ya kipuuzi, mengine mazuri. Mwishowe akachagua moja linalomkaa mdomoni: "Mi' kifua changu hakitaki, kesho tuna mechi." Mama akamsukuma: "Acha ushamba wewe." Kijana: "Ndiyo, mimi mshamba. Twendeni bwana, giza linaingia." Na mguu unatembea. Mguu ni muhimu kuliko neno. Anayekataa huku amesimama ataombwa tena.

Angalieni alichokipata mama. Alidhani anamfundisha mtoto, kumbe alipata habari kwamba sigara imeshanyooshwa, na inanyooshwa kwa maneno gani. Angeuliza jina, mlango ungefungwa usiku uleule. Mazoezi haya yanahitaji dakika kumi na kazi ya mikono, maana kijana huongea vizuri zaidi mkiwa mnafanya kitu na hamtazamani usoni. Kuchambua mchele, kuosha pikipiki, kufua. Baba aliyemwita mwanawe sebuleni, akazima televisheni na kusema "kaa hapo tuzungumze", ameshapoteza nusu ya mazungumzo.

Mpe pia ruhusa ya kukusingizia. Mwambie: "Ukibanwa, sema mama yako ananusa mikono kila ukiingia nyumbani." Kijana anaweza kukataa bila kuonekana anawahukumu wenzake, na wewe lawama hiyo haikuui. Kisha, ili isiwe uongo, zoea kumpa mkono au kumkumbatia anapoingia. Anayejua atakumbatiwa mlangoni hufikiri mara mbili njiani.

Kama wewe mwenyewe unavuta

Usisubiri uache ndipo uongee naye. Kimya chako ni ruhusa. Lakini pia usiongee kama malaika. Mwambie ukweli wako: ulianza na miaka mingapi, nani alikupa, umejaribu kuacha mara ngapi, kinachokushinda ni nini. Mtoto anaweza kumdharau baba anayekataza anachokifanya mwenyewe, ila ni vigumu kumdharau anayesema, "Nimenaswa, sitaki unaswe."

Toa uvutaji nje ya nyumba kabisa. Si dirishani, si chooni, si barazani wakati mlango uko wazi. Moshi hauna adabu ya kubaki ulikoambiwa, na kuwasha feni hakuuondoi. Pakiti isilale mezani. Vijana wengi huanza kwa kuchomoa moja kwenye pakiti ya mkubwa wakiamini hazihesabiwi. Kisahani cha majivu kiondoke sebuleni, mgeni anayevuta aonyeshwe nje kwa upole. Wageni hawakasiriki kama tunavyodhani.

Kwa wafungao Ramadhani nina neno la ziada. Kila mwaka kwa mwezi mzima unakaa saa 13 bila sigara na unafanya kazi zako. Mwili wako umeshathibitisha kwamba unaweza. Wanaonaswa tena wengi hunaswa baada ya futari, sigara ikitangulia hata chakula. Ukiweza kuipita ile saa moja ya futari, kwa tende, maji na kutembea hadi msikitini, umeshavuka kilima kikubwa zaidi cha siku.

Ukimkuta nayo

Utajua. Dirisha la chumba chake lililo wazi usiku wa mbu. Manukato aliyojimiminia saa mbili asubuhi. Pipi kifua kila mfuko. Kitundu kidogo cha moto kwenye sare ya shule. Hasira za ghafla akikaa nyumbani muda mrefu. Chenji isiyorudi kamili.

Usimpige. Sisemi hivyo kwa sababu ya upole. Fimbo humfundisha kuficha vizuri zaidi, na anayeficha huenda kuvuta mbali na nyumbani, pamoja na wakubwa wenye vitu vizito kuliko sigara. Usimtangaze kwa majirani wala kikao cha ukoo. Ukiwa umekasirika, lala kwanza, kesho ni siku pia. Kisha anza na swali usilolijua jibu lake: "Unavuta ukiwa wapi?" Jibu la swali hilo litakuambia kama anavuta kwa ajili ya kundi, kwa ajili ya mawazo, au kwa sababu mwili umeshadai. Dawa za mambo hayo matatu hazifanani. Wa kundi anahitaji neno la mdomoni na pa kwenda jioni. Wa mawazo anahitaji kusikilizwa juu ya kile kinachomsumbua, na huenda sigara ikawa ndiyo jambo dogo kuliko yote. Anayeamka na sigara ndani ya nusu saa ya kwanza, huyo ana uraibu. Mpeleke kituo cha afya mwonane na mtoa huduma pamoja.

Siku mbili tatu za kwanza za kuacha ndizo kali. Atakuwa mkali, hatalala vizuri, atakula sana, masomo hayataingia. Mwambie mapema ili asidhani anaugua, na waambie wadogo zake wamvumilie. Hamu humjia kwa mawimbi ya dakika chache. Glasi ya maji, karanga, muwa wa kutafuna au kuzunguka nyumba mara mbili vinatosha kulipitisha wimbi moja. Ndani ya wiki tatu hadi nne sehemu kubwa ya taabu hiyo huisha. Mwili nao haukawii kurudisha shukrani: dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka, na baada ya saa 12 ile hewa ya jiko imerudi kiwango cha kawaida kwenye damu.

Akitaka kuongea na mtu asiye mzazi, Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Kenya kuna pia 1192 ya mamlaka inayopambana na ulevi na dawa za kulevya. Mjomba mwenye busara au shangazi asiye na maneno mengi naye ni namba nzuri ya kupiga.

Na atateleza. Karibu kila anayeacha huteleza, mimi niliteleza mara tatu. Hapa mtaani kwetu kuna dereva wa bodaboda aliyemkuta mwanawe wa miaka 16 akivuta nyuma ya banda la kuku. Alifungua mdomo kumgombeza, akasikia harufu ya sigara yake mwenyewe kwenye koti lake. Akakaa chini. "Mwanangu," akamwambia, "hapa mimi na wewe tunaugua ugonjwa mmoja. Tuuguzane." Wakachukua kopo tupu la maziwa, kila jioni kila mmoja anatia hela ambayo angenunulia sigara, na kijana anachora mistari nyuma ya daftari la Jiografia, mstari mmoja kwa siku, upande wa baba na upande wa mtoto.

Siku ya 10 baba alirudi usiku kimya, hakutia kitu kwenye kopo. Kijana akamtazama. Baba akakiri: abiria alimpa moja kituoni, akaichukua.

Kijana akafungua daftari, akaufuta upande wa baba kwa kifutio, taratibu, mistari yote tisa. "Basi baba, wewe kesho anza na moja," akasema. "Mimi naandika kumi."